Riwaya Inapoingia Katika Televisheni: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kiachwe?

Utangulizi

Kila riwaya inayopendwa inapotengenezewa tamthilia ya televisheni, ugomvi ni ule ule. Wasomaji watasema, "Wameiharibu!" Watayarishaji nao watajibu kwamba kitabu ni kitabu na televisheni ni televisheni, msituletee makuu. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba pande hizi mbili mara nyingi hazizungumzii kitu kimoja. Mmoja anasema "uaminifu" akiwa na maana ya kufuata tukio baada ya tukio. Mwingine anasema neno hilo hilo akiwa na maana ya kutunza dhamira.

Makala haya yanajaribu kufafanua uaminifu huo ni uaminifu kwa kitu gani hasa. Tutatumia riwaya za fantasia, yaani zile zinazobuni ulimwengu mzima wenye nchi, viumbe na nguvu zisizokuwepo katika ulimwengu wetu, kwa sababu huko ndiko swali hili linakouma zaidi. Mfano wetu mkuu ni riwaya za Earthsea za mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin (1929–2018), na tamthilia ya Legend of Earthsea iliyorushwa kwa sehemu mbili na kituo cha Sci Fi Channel huko Marekani mwezi Desemba 2004.

Kwa nini mabadiliko hayaepukiki

Kwanza tukubaliane kwamba hakuna tamthilia inayoweza kufuata riwaya neno kwa neno. Sababu ziko wazi.

Riwaya ina msimulizi. Katika A Wizard of Earthsea (1968), msimulizi anatueleza kiburi cha kijana Ged kikikua ndani yake hata kabla hajatenda lolote. Kamera haiwezi kupiga picha ya kiburi. Inahitaji uso, kitendo au mtu wa kuzungumza naye. Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia hulazimika kubuni mazungumzo ambayo kitabuni hayamo, na hapo tayari ameshabadilisha.

Pili ni muda na wingi wa wahusika. Mfululizo wa George R. R. Martin ulioanza mwaka 1996 na A Game of Thrones ulikuwa na majuzuu matano kufikia mwaka 2011, na kila sura inaonwa kwa macho ya mhusika mmoja. Tamthilia ya Game of Thrones (2011–2019) ilikuwa na sehemu 73. Hata kwa sehemu zote hizo, ilibidi wahusika wengine waachwe na wengine waunganishwe. Umri nao ulibadilishwa: Daenerys, ambaye kitabuni ni msichana wa miaka 13 tu, alifanywa mkubwa zaidi. Sidhani kama kuna mhakiki makini atakayelalamikia hilo.

Tatu ni fedha. Joka la kwenye karatasi halina gharama zaidi ya wino. Joka la kwenye televisheni lina bei, na bei hiyo huamua lionekane mara ngapi.

Ngazi tatu za uaminifu

Sasa basi, kama kubadilisha ni lazima, tupime kwa kipimo gani? Napendekeza tutenganishe ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni matukio: nani alikwenda wapi, nini kilitangulia, nini kilifuata. Ngazi ya pili ni kanuni za ulimwengu uliobuniwa: nguvu zinafanyaje kazi, watu wa nchi ile ni akina nani, nini kinawezekana na nini hakiwezekani. Ngazi ya tatu ni dhamira, yaani yale ambayo kazi nzima inayasema kuhusu binadamu.

Katika riwaya ya kihalisia ngazi ya pili haitusumbui sana. Riwaya ikitokea Dar es Salaam na mwandishi akasahau kueleza daladala likoje, msomaji anajua mwenyewe. Ulimwengu upo nje ya kitabu, unamsubiri. Lakini katika fantasia hakuna Earthsea nyingine ya kukimbilia. Kila tunachokijua kuhusu visiwa vile tumepewa na maandishi. Ukiondoa nguzo moja, hakuna ukuta wa jirani wa kuegemea. Ndiyo maana wasomaji wa fantasia huonekana wakali mno juu ya mambo ambayo mtu wa nje huyaita madogo.

Mfano wa kwanza: jina

Tuanze na jambo linaloonekana dogo kweli kweli. Katika Earthsea kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo ana uwezo juu ya kitu hicho. Kwa hiyo mtu hulificha jina lake la kweli, akatumia jina jingine la kila siku. Kijana wetu anajulikana kwa watu kama Sparrowhawk, jina la ndege mwindaji, alilopewa na watoto wenzake kijijini kwa sababu ndege wa namna hiyo walikuwa wakimjia akiwaita. Jina lake la kweli, alilopewa na mwalimu wake Ogion, ni Ged. Wanaolijua ni wachache mno.

Tamthilia ya 2004 iligeuza. Ged likawa jina la kuitwa na kila mtu, na Sparrowhawk likawa jina la siri.

Mtu atauliza: kuna ubaya gani? Si bado ana majina mawili, na moja si bado ni siri? Ni kweli, kijuujuu kanuni imebaki. Lakini tazama kilichopotea. Sparrowhawk ni jina la utani, linaeleza mtu anavyoonekana na wengine. Ged halielezi kitu. Ni yeye mwenyewe. Kitabu kinatenganisha mtu anavyojulikana na mtu alivyo, na safari yote ya riwaya inatoka kwenye lile la kwanza kwenda kwenye hili la pili. Kwa kiburi, Ged anakifungulia kivuli kiovu, kinamwinda, kisha yeye anageuka na kukiwinda. Mwishoni wanakutana mbali baharini na anakiita kwa jina lake mwenyewe, kwani kivuli kile ni sehemu yake. Jina la utani likikaa mahali pa jina la kweli, mkutano ule unapungua uzito. Hapa tunaona jinsi kosa katika ngazi ya pili linavyoshuka hadi ngazi ya tatu.

Mfano wa pili: rangi ya Ged

Jambo lililomuudhi Le Guin zaidi ni la wazi kuliko hilo. Katika riwaya zake, Ged ana ngozi ya rangi ya shaba iliyokolea, nyekundu ya kahawia. Rafiki yake mkubwa, Vetch, ni mweusi. Watu wengi wa visiwa vile ni weusi au wa kahawia, na weupe ni Wakargi, ambao mwanzoni mwa riwaya ya kwanza wanakuja kuvamia kisiwa cha Gont. Mwandishi hakulitangaza hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Aliliweka polepole, ili msomaji ampende Ged kwanza ndipo atambue amempenda mtu wa rangi gani.

Katika tamthilia Ged aliigizwa na Shawn Ashmore, kijana mweupe. Karibu waigizaji wote wakuu walikuwa weupe, isipokuwa wachache kama Danny Glover aliyeigiza Ogion. Desemba 2004 Le Guin aliandika katika jarida la Slate akieleza kwamba rangi ya watu wake ilikuwa uamuzi wake wa makusudi tangu mwanzo, na kwamba hata wachoraji wa majalada kwa miaka mingi walimpaka Ged weupe kinyume na maandishi.

Hivi kweli hili ni jambo la sura tu? Hapana. Fantasia ya Kiingereza iliyomtangulia Le Guin ilikuwa imezoea shujaa mweupe na adui mweusi, na yeye aliipindua mila hiyo kimya kimya. Wasomaji wasio weupe walimwandikia kumweleza maana ya kujikuta wao wenyewe ndani ya hadithi za namna hiyo. Tamthilia ilichukua jina la Earthsea, ikachukua ramani na wahusika, kisha ikarudisha mila ile ile ambayo kitabu kiliikataa. Anayetazama tamthilia bila kusoma kitabu hawezi hata kujua kwamba kuna kitu kimechukuliwa.

Nguvu ya mwandishi iko wapi?

Wengine wanasema: kama hakutaka, kwa nini aliuza haki? Swali ni halali, na jibu lake ni funzo. Mara mwandishi anapotia saini mkataba wa kuuza haki za riwaya yake, kwa kawaida uamuzi wote huhamia kwa watayarishaji. Le Guin alihesabiwa kuwa mshauri, lakini ushauri usiofuatwa haumzuii mtu kufanya atakalo. Mwongozaji alipoanza kueleza jaridani kile ambacho mwandishi alikikusudia, Le Guin alijibu hadharani kwamba asisemewe. Kwa maoni yangu hapo alikuwa na haki kabisa. Mtayarishaji anaweza kununua hadithi. Hanunui ruhusa ya kusema kwamba maoni yake ni ya mwandishi.

Mabadiliko yaliyo halali

Ili tusionekane tunatetea ukasuku, tutazame upande mwingine. Philip Pullman alichapisha Northern Lights mwaka 1995, na mhusika Will anaingia tu katika riwaya ya pili, The Subtle Knife (1997). Tamthilia ya His Dark Materials (2019–2022) ilimleta Will mapema, katika msimu wa kwanza. Kimatukio huo ni ukiukaji mkubwa. Lakini kanuni ya ulimwengu ule, kwamba roho ya mtu hutembea kando yake katika umbo la mnyama na kumtenganisha mtoto na mnyama huyo ni ukatili usiosemeka, ilibaki na uzito wake. Mpangilio ulibadilika, kitu chenyewe hakikuguswa.

Linganisha na filamu ya The Golden Compass ya mwaka 2007, iliyotokana na kitabu hicho hicho. Ilifuata matukio mengi vizuri tu, lakini ilipunguza makali ya kitabu dhidi ya taasisi ya dini na ikaacha mwisho wake mchungu. Basi unaweza kufuata matukio na bado ukakikimbia kitabu.

Hoja ya fasihi simulizi

Kuna mwenzetu atasema: mbona katika fasihi simulizi kila fanani hubadili ngano anavyotaka, na hatumshitaki? Hoja hii ni nzuri, ila inasahau mambo mawili. Ngano ni mali ya jamii, haina saini ya mtu mmoja. Halafu fanani husimulia mbele ya hadhira inayoijua hadithi. Atabadili nyimbo, atarefusha safari, ataongeza fisi hapa na pale. Lakini Sungura akianza kushinda kwa mabavu badala ya hila, wasikilizaji watamkatiza pale pale: "Huyo si Sungura!" Hata fanani, pamoja na uhuru wake wote, anazo kanuni za kutunza, na wapo wa kumkumbusha.

Hitimisho

Tunapohakiki tamthilia iliyotokana na riwaya, basi, tusianze kwa kuhesabu matukio yaliyokosekana. Tujiulize maswali matatu. Je, badiliko hili limelazimishwa na chombo chenyewe, yaani muda, picha, fedha au umri wa waigizaji? Je, limegusa kanuni inayoushikilia ulimwengu wa riwaya? Na je, mtazamaji asiyesoma kitabu ataondoka na dhamira iliyo kinyume na ile ya mtunzi?

Kumleta Will mapema kunapita maswali yote matatu. Kumpaka Ged weupe hakupiti hata moja, kwani hakuna kamera duniani inayoshindwa kumpiga picha mtu wa rangi ya shaba. Hapo mtu alichagua, na aliyechagua anapaswa kuulizwa. Kuuliza huko ni kazi ya uhakiki, na haiwezi kufanywa na mtu ambaye hajafungua kitabu.