Muuguzi wa Malaba akienda darasani, nani abaki zahanati?

Lori likitoka bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda au Kongo, mwisho wa safari yake ndani ya Kenya huwa ni Malaba au Busia, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa kwetu. Ndani ya lori hilo mara nyingi yumo kijana wetu wa Changamwe, Miritini au Mariakani. Akishikwa na homa akiwa kwenye foleni ya mpakani, mtu wa kwanza kumpokea hatakuwa daktari bingwa. Atakuwa muuguzi wa zahanati, pengine aliye peke yake siku hiyo, na benchi zima la wagonjwa linamngoja nje. Anachokijua muuguzi huyo ndicho kitakachoamua kama dereva atapewa vidonge vya malaria na kuambiwa aende zake, au atawekwa kando, aulizwe alikopita na achukuliwe vipimo.

Kwa hivyo suala la muuguzi kuendelea na masomo huku akiwa kazini haliwahusu wauguzi peke yao. Linatuhusu sisi tulio kwenye mwanzo wa barabara hiyo hiyo. Kila linapozungumzwa, watu hukimbilia kuuliza ni chuo gani na ada ni shilingi ngapi. Kwa maoni yangu kuna swali linalotangulia hayo mawili: siku ambayo muuguzi yuko darasani, nani atashika zamu yake?

Mpaka unaotaka macho makali

Tuanze na mahali penyewe. Malaba iko Teso Kaskazini, na mji wa Busia uko kiasi cha kilomita 30 kusini yake, yote miwili ndani ya Kaunti ya Busia. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vilevile. Mama anaweza kuhudhuria kliniki ya wajawazito upande wa Uganda na kujifungulia upande wa Kenya, akaja na kadi ambayo haifanani na kadi zetu. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia ili watu na mizigo wavuke kwa haraka. Watu wakivuka kwa haraka, maradhi nayo hayangoji.

Miaka michache iliyopita imetuonyesha. Aprili na Mei 2020, wakati madereva walipolazimika kupimwa korona, foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita. Julai 2024 Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha mpox, kilichogunduliwa Taveta, hapa hapa Pwani, kwa msafiri aliyetoka Uganda akipitia Kenya kwenda Rwanda. Mwezi uliofuata kikathibitishwa kisa cha dereva wa lori huko Malaba. Na Januari 2025 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola baada ya kufariki kijana wa miaka 32 ambaye mwenyewe alikuwa muuguzi. Kabla ya kufia Mulago, Kampala, alikuwa ametafuta matibabu sehemu kadhaa, ikiwemo Mbale, mji ambao hauko mbali na Malaba.

Ongeza na kazi ya kila siku. Busia ni eneo la malaria mwaka mzima, na ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi mwa Kenya zilizoanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto Septemba 2019. Chanjo hiyo hudungwa zaidi ya mara moja, kwa hivyo kuna kumsaka mama aliyehama au aliyevuka mpaka kabla mtoto hajamaliza. Halafu kuna madereva wenye shinikizo la damu na kisukari wanaotumia dawa wakikumbuka, na wagonjwa wa kifua kikuu na virusi vya Ukimwi wanaokatisha dawa kwa sababu ya safari. Muuguzi aliyemaliza diploma miaka 15 iliyopita hakufundishwa mengi ya haya kwa kina.

Ngazi za masomo zikoje

Kwa msomaji asiye wa fani hii, tueleze kwa ufupi. Nchini Kenya muuguzi huanzia cheti, diploma au shahada. Wengi wanaoendesha zahanati za vijijini ni wa diploma, hasa wale waliosomea uuguzi wa afya ya jamii. Kutoka hapo kuna njia mbili za kupanda.

Njia ya kwanza ni diploma ya juu ya ubobezi. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, hutoa kozi hizi kwa muuguzi aliyekwisha kusajiliwa na kufanya kazi kwa muda: afya ya akili, wagonjwa mahututi, figo, watoto na nyinginezo. Njia ya pili ni kutoka diploma kwenda shahada, kisha shahada ya uzamili. Kwa watu wa Busia, kimojawapo cha vyuo vikuu vyenye masomo ya uuguzi vilivyo karibu ni Masinde Muliro, Kakamega. Kaunti yenyewe ina tawi la KMTC mjini Busia, na pia Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hati kamili mwaka 2022. Hata hivyo kuwa na chuo jirani si sawa na chuo hicho kuwa na kozi unayoitaka, kwa hivyo uliza kwanza.

Uzamili una sehemu mbili. Kwanza masomo ya darasani na mitihani, halafu utafiti na kuandika tasnifu. Wengi huogopa ile ya kwanza, lakini wanaokwama hukwamia ya pili. Darasa lina ratiba na mwalimu wa kukusukuma. Tasnifu haina kengele. Inakutaka usiku, baada ya zamu, watoto wakishalala.

Funzo la 2005

Kuna jambo Kenya ililifanya vizuri ambalo tunalisahau. Mwaka 2005 wauguzi wa cheti walikuwa kama 22,000, sehemu kubwa ya wauguzi wote nchini. Walitakiwa wapandishwe hadi diploma ili waweze kukabili Ukimwi na maradhi mengine yaliyobadilisha kazi yao. Kwa nafasi za madarasa zilizokuwepo, ilikadiriwa kwamba kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Na hata kama nafasi zingepatikana, kuwatoa wauguzi wote hao zahanati kungekuwa ni kufunga milango.

Shirika la Amref, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture wakaanzisha masomo kwa kompyuta. Kompyuta ziliwekwa katika vituo karibu na wauguzi walipokuwa wakifanya kazi. Muuguzi alisoma kwa wakati wake, akafanya mazoezi chini ya mwelekezi katika hospitali, na akabaki kwenye orodha ya zamu. Maelfu walijiunga. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho, tangu 2001, kiliwafundisha wauguzi walio kazini katika Kenya, Uganda na Tanzania kwa mtindo wa siku chache za darasa kwa wiki, na zilizobaki kazini.

Hapakuwa na muujiza wowote ndani ya kompyuta zile. Mipango yote miwili ilikubali tangu mwanzo kwamba mwanafunzi wake ana wagonjwa wanaomsubiri. Si fikra ngeni kwetu. Rufaida al-Aslamiyya, anayetajwa kuwa muuguzi wa kwanza katika Uislamu, alitibu majeruhi katika hema lake Madina na papo hapo akawafunza wanawake wenzake. Hema lilikuwa hospitali, na lilikuwa shule.

Hesabu ya zamu

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Tuone ni ipi itakayoponyoka. Tuseme zahanati ina wauguzi wawili. Mmoja amejiandikisha kozi ya siku mbili kwa wiki, Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo mwenzake atapima wajawazito, atachanja watoto, atatibu wagonjwa wa homa, atatoa dawa na kujaza madaftari, na akija mama mwenye uchungu wa kuzaa, kila kingine kitasimama. Mwenzake huyo akiugua au akiwa likizo, mlango unafungwa. Mwezi wa kwanza atavumilia kwa ujirani mwema. Mwezi wa sita manung'uniko yataanza, na mara nyingi mwanafunzi ndiye atakayeacha masomo, ada ikiwa imeshalipwa.

Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, muuguzi afanye haya.

Kwanza, aombe barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri, ikitaja siku na jina la atakayeshika nafasi yake. Tangu ugatuzi wa 2013, mwajiri wa muuguzi wa zahanati ya umma ni kaunti. Ruhusa ya mdomo ya msimamizi haina nguvu, kwani msimamizi akihamishwa inaondoka naye. Na kama kaunti inampa likizo ya masomo yenye mshahara, asome vizuri mkataba wa kuitumikia baada ya kuhitimu, ajue ni miaka mingapi na faini ni kiasi gani akiondoka mapema.

Pili, ahakikishe kozi inatambuliwa na Baraza la Wauguzi. Hili ni muhimu zaidi kwa walio mpakani, kwa sababu vyuo vya Uganda viko karibu nao. Chuo Kikuu cha Busitema, kwa mfano, kitivo chake cha afya kiko Mbale. Si vibaya kuvuka, huenda hata nauli ikawa nafuu kuliko ya Nairobi. Lakini Baraza lisipoisajili shahada yako, umepata elimu na hukupata cheo. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Tatu, apange pesa za miaka yote, si muhula mmoja tu. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ina mkopo uitwao Jielimishe kwa wafanyakazi wenye mshahara wanaoendelea na masomo. Mkopo huo kwa kawaida una riba. Muislamu anayejikinga na riba aulize kama kuna utaratibu unaokubalika kisheria, la sivyo aanze mapema na njia nyingine: chama, kuweka akiba kabla ya kujiandikisha, au kuomba chuo alipe kidogo kidogo.

Nne, achague utafiti ulio mlangoni pake. Kwa nini watoto wa kijiji fulani hawamalizi dozi za chanjo ya malaria? Madereva wangapi wanaopita hapa wana shinikizo la damu lisilotibiwa? Mama akija na kadi ya Uganda, taarifa gani hupotea? Muuguzi anayetafiti kituo chake hahitaji kusafiri kukusanya majibu, na zahanati inafaidika kabla yeye hajavaa joho. Ila akumbuke kwamba daftari la wagonjwa si mali yake. Apate kibali cha kamati ya maadili na cha serikali kwanza.

Wajibu wa kaunti

Yote haya humtupia mzigo muuguzi, na si haki aubebe peke yake. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, na serikali inasema zahanati na vituo vya afya ndio msingi wa bima mpya ya SHA iliyoanza Oktoba 2024. Msingi hauwi imara kwa kupaka rangi ukuta. Kaunti iweke wauguzi wachache wa kuzunguka, ambao kazi yao ni kujaza nafasi za walio darasani. Ipange kwa zamu nani asome mwaka huu na nani mwaka ujao, ili wasiondoke wawili kutoka kituo kimoja. Na anayerudi na shahada apewe cheo na kazi inayolingana nayo. Wengi husoma kwa shida, wakarudi kwenye mshahara ule ule, kisha tunashangaa wakichukua ndege kwenda Uingereza au Ghuba.

Kuna wasemao kwamba ukimsomesha muuguzi wa kijijini umemwandalia njia ya kuhama. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini asiyesomeshwa naye huhama, au hubaki amechoka. Mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulitufunza kwamba kumweka mtu kazini si sawa na kumridhisha.

Haya hayako Busia pekee. Lunga Lunga ni mpaka, Taveta ni mpaka, Kiunga ni mpaka. Hesabu ya zamu ni ile ile, na pengine huko kwingine vyuo viko mbali zaidi. Diwani wako akija kuomba maoni kuhusu bajeti ya afya, wengi tutamwambia kuhusu ambulensi na dawa, na ni sawa. Tumuulize na hili: wauguzi wangapi wa wadi yetu wanasoma mwaka huu, na wakiwa darasani, nani yuko zahanati? Akijibu kwa majina, basi kuna mpango.