Waandishi Wageni wa Kisiwa cha Hydra

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyosema wazee. Lakini mgeni ambaye jembe lake ni kalamu, atalima wapi? Habari za kisiwa cha Hydra, katika nchi ya Ugiriki, zaweza kutupa jibu.

Hydra ni kisiwa cha mawe, kusini ya mji wa Athens. Motokaa hazipiti huko. Mizigo hupandishwa ngazi za mawe juu ya migongo ya punda na nyumbu. Zamani wenyeji wake walikuwa mabaharia matajiri, na katika vita vya uhuru wa Ugiriki, vilivyoanza mwaka 1821, walitoa merikebu zao. Baadaye biashara yao ilififia, watu wengi wakahama, na nyumba nyingi zikabaki tupu. Kwa hiyo nyumba zilikuwa rahisi, nao wageni wenye fedha chache wakavutwa.

Mwaka 1955 alifika Bwana George Johnston na mkewe, Charmian Clift, waandishi wawili kutoka Australia. Bwana Johnston alikuwa na kazi nzuri ya gazeti huko London, yenye mshahara wa hakika. Aliiacha mwaka 1954, akamchukua mkewe na watoto wao wawili, wakakaa kwanza katika kisiwa cha Kalymnos, penye wazamiaji wa sifongo. Kisha wakahamia Hydra, wakanunua nyumba, na huko mtoto wao wa tatu akazaliwa.

Msomaji aliye karani atauliza: Je, walikula nini? Mshahara huja mwisho wa mwezi, bali fedha za kitabu huja kitabu kikinunuliwa. Mara nyingi walikopa. Katika duka la akina Katsikas, pale bandarini, wageni walikutana kula, kunywa na kuzungumza, wakingoja meli ilete barua.

Mwaka 1960 akaja kijana wa Kanada, Leonard Cohen, ambaye wakati ule hakuwa bado mwimbaji mashuhuri. Bwana na Bibi Johnston walimkaribisha na kumsaidia. Mwaka huo huo alinunua nyumba kwa dola 1,500, fedha za urithi wa nyanya yake. Nyumba haikuwa na umeme, naye akaandika kwa taa ya mafuta.

Lakini tusidhani kwamba maisha yale yalikuwa ya starehe tu. Bwana Johnston alishikwa na kifua kikuu, na ulevi na ugomvi viliingia nyumbani. Hata hivyo hakuitupa kalamu. Akiwa mgonjwa, mbali na kwao, aliandika *My Brother Jack*, hadithi ya Melbourne, mji alikozaliwa. Kitabu kilitoka mwaka 1964, kikapata tuzo ya Miles Franklin, naye akarudi Australia mwaka ule ule. Bibi Clift alifariki mwaka 1969, na mumewe mwaka 1970. Cohen alifariki mwaka 2016.

Wengi walikwenda Hydra wakitafuta utulivu, na si wote waliotoka na kitabu. Waliovuna ni wale walioketi kila siku mbele ya karatasi, kama mkulima aendavyo shambani kabla ya kujua kama mvua itanyesha. Na shamba alilolima Bwana Johnston katika *My Brother Jack* lilikuwa nyumbani kwao alikotoka.