Je, Wajua? Vitabu vya Makuzi, Kuanzia Steji ya Kangemi

Je, wajua kwamba riwaya iliyotwaa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2003 ni ya mwandishi aliyewahi kuishi mtaani Kangemi, Nairobi? Stanley Gazemba alizaliwa Vihiga mwaka 1974, akaja Nairobi kama wajavyo vijana wengi wa magharibi ya Kenya: unashukia kwa jamaa, kesho yake unaamkia kutafuta kibarua. Miongoni mwa kazi alizozifanya ni kutunza bustani, shamba boi kama wasemavyo mjini. Riwaya yenyewe, The Stone Hills of Maragoli, ilitoka mwaka 2002. Lakini kitabu kinachonileta kwake leo ni kingine, tena kidogo: A Scare in the Village, kilichoshinda tuzo hiyohiyo mwaka 2015 upande wa vitabu vya watoto. Watu wakimtaja Gazemba hukumbuka ushindi wa kwanza tu. Kwangu mimi wa pili ndio mgumu. Mtu mzima akichoshwa na kitabu hujikaza, maana amekinunua kwa pesa zake. Mtoto hukiacha kwenye kiti cha matatu na kushuka zake.

Je, wajua kwamba Waiyaki, ambaye jina lake limepewa barabara ile kubwa ipitayo Kangemi, ana somo wake ndani ya riwaya? Barabara inamkumbuka Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti, aliyekamatwa na Waingereza na kufia Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani. Waiyaki wa pili ni kijana katika The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochapishwa mwaka 1965. Baba yake, Chege, anamtuma kwenye shule ya wamisheni ajifunze elimu ya wageni bila kuwa mmoja wao. Mtihani gani huo kwa mtoto! Kila mzaliwa wa kwanza aliyeambiwa "wewe ndiwe tegemeo letu" siku ya kuripoti kidato cha kwanza anaujua uzito wake.

Na wajua kwamba riwaya hiyo iliandikwa kabla ya Weep Not, Child, ila hiyo nyingine ndiyo iliyotangulia kuchapishwa? Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964, mwandishi akiwa na miaka 26. Inaanza na mama kumuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule.

Tukiwa bado na Ngũgĩ: ukipanda gari Kangemi na kufuata barabara hiyohiyo kuelekea juu, utafika Limuru, kwao Kamirithu. Je, wajua kwamba mwaka 1982 aliwaandikia watoto hadithi ya basi lililoota mabawa? Aliiandika kwa Kikuyu, na kwa Kiingereza inaitwa Njamba Nene and the Flying Bus. Njamba Nene ni mtoto maskini anayechekwa na wenzake darasani kwa nguo zake na kwa kushikilia lugha na mambo ya kwao. Basi la shule linapaa, linawatupa porini, na huko watoto wa matajiri wanagundua kwamba Kiingereza chao kizuri hakiwaonyeshi njia ya kurudi. Anayejua ni yule waliyemcheka. Ngũgĩ hapa hafichi upande wake hata kidogo, na msomaji mkubwa anaweza kuona mkono wa mwandishi ukiwasukuma wahusika. Watoto hawajali. Wao wanataka basi lipae.

Je, wajua mtundu maarufu kuliko wote katika maktaba za shule za Afrika Mashariki ni nani? Ni Moses, wa Barbara Kimenye. Mwandishi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka kule Buganda, kisha akawa mwanahabari Nairobi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alimtia Moses katika msukosuko mmoja baada ya mwingine: Moses in Trouble, Moses and the Ghost, Moses on the Move, Moses the Camper. Shule yake ya bweni, ya Bwana Mukibi, ina jina refu la kujigamba na upungufu wa karibu kila kitu kingine.

Hapa nisimame kidogo. Vitabu vingi vya watoto nchini Kenya vinaandikwa kwa jicho moja likimtazama mtoto na jingine likiitazama orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa kwa shule, kwa kuwa shule ndiye mnunuzi mkubwa. Matokeo yake tunayajua: ukurasa wa kwanza mtoto ni mkaidi, ukurasa wa 30 ameokoka, ukurasa wa 31 kuna maswali ya ufahamu. Moses haokoki. Anakosea, anaadhibiwa, anajinasua, anakosea tena, na katikati ya vurugu hizo anajifunza kujitegemea bila mtu kumhubiria. Ndiyo maana nakala zake zilizungushwa mkono kwa mkono hadi jalada likang'oka.

Je, wajua kwamba wasichana nao walipata vitabu vyao mapema? Mwaka 1966, Kenya ikiwa na uhuru wa miaka mitatu tu, shirika la East African Publishing House la Nairobi lilitoa Jande's Ambition ya Asenath Bole Odaga, juu ya msichana mwenye ndoto ya masomo na kazi, na Mweru, the Ostrich Girl ya Charity Waciuma. Miaka mitatu baadaye Waciuma akarudi na Daughter of Mumbi, kumbukumbu za msichana anayekua Kenya ya kikoloni hadi wakati wa hali ya hatari. Odaga hakuishia kuandika. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji Kisumu.

Je, wajua kwamba Marjorie Oludhe Macgoye, kabla ya kujulikana kwa Coming to Birth, aliwaandikia wasichana kitabu kiitwacho Growing Up at Lina School? Kilitoka mwaka 1971. Baadaye Macgoye, mzaliwa wa Southampton aliyeolewa Ujaluoni, aliendesha duka la vitabu katikati ya Nairobi. Coming to Birth ilipotoka mwaka 1986 ilipata Tuzo ya Sinclair Uingereza. Inaanza mwaka 1956: Paulina, miaka 16, anashuka kwenye gari moshi kumfuata mumewe katika jiji la hali ya hatari, na muda si muda anapotea njia. Riwaya nzima ni namna anavyojipata, kwa miaka zaidi ya 20, taratibu kama nchi yenyewe.

Mwandishi wa The River and the Source alikuwa daktari wa watoto. Margaret Ogola aliichapisha mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta pamoja na ile ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika. Kazini aliwahudumia watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi. Nyumbani akaandika juu ya Akoko, mtoto wa kike ambaye babake anamthamini sawa na wanawe wa kiume.

Kurudi nyuma zaidi: mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, wa kisiwa cha Pate, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wosia. Beti zake ni 102. Wasomaji wa leo hukunja uso wakifika kwenye sehemu ya kumtii mume, na sishangai. Ila mama mgonjwa anayekaa kitako na kuuweka ujuzi wake wote kwenye vina na mizani, akiamini neno lake litadumu kuliko mwili wake, hakuwa na upungufu wa kujiamini.

Je, wajua kwamba Alice wa Lewis Carroll aliwahi kugeuzwa mtoto wa Kiafrika? Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1940 ilimwita Elisi, na picha zikachorwa upya kumwonyesha msichana mweusi. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Na ukifikiria vizuri, hakuna hadithi ya makuzi iliyo wazi kuliko hiyo: mtoto anarefuka, anafupika, anarefuka tena, na kila anayekutana naye anamuuliza yeye ni nani.

Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, ikawa seti buku, na tangu hapo ni vigumu kumpata Mkenya wa umri fulani asiyemjua Kongowea Mswahili. Mama yake, mwimbaji wa taarab wa Tanga, anafariki. Mtoto, ambaye hakulelewa na baba, anafunga safari kumtafuta hadi magharibi ya Kenya. Kejeli anazozipata kwa kukosa baba zingemvunja. Kinachomsimamisha ni kalamu: anajua kuandika insha kuliko wenzake, na analijua hilo. Walibora mwenyewe alikulia upande wa Cherangani, akaishia kuwa mtangazaji na profesa. Aliaga dunia Nairobi mwezi Aprili 2020, baada ya kugongwa na matatu. Hakuna mwandishi wa Kiswahili wa kizazi chake aliyeombolezwa hivyo na watu wasiomjua ana kwa ana.

Je, wajua kwamba Lupita Nyong'o, kabla ya Hollywood, alikuwa mwanafunzi wa St. Mary's, barabara ya Rhapta, safari fupi tu kutoka Kangemi? Februari 2014, siku chache kabla ya kupokea Oscar, alihutubia wanawake weusi wa Hollywood akasimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke na ngozi nyeupe. Akasoma pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi baada ya kumwona yeye.

Kutokana na hayo kikazaliwa kitabu, Sulwe, mwaka 2019, kwa michoro ya Vashti Harrison. Sulwe ni mweusi kuliko nyumba nzima, na dada yake Mich ni mweupe anayesifiwa na kila mtu. Anajisugua kwa kifutio. Anakula vyakula vyeupe tu. Halafu usiku mmoja nyota inamchukua na kumsimulia kisa cha madada wawili, Usiku na Mchana. Jina lake kwa Kijaluo ndilo nyota yenyewe. Kitabu kilipata tuzo ya NAACP Marekani mwaka 2020, na Nairobi kikatolewa kwa Kiswahili na Kijaluo. Hicho kifutio ndicho kinachonifanya nikiamini: mtu aliyebuni tu angeandika machozi.

Waliokitoa Nairobi ni Book Bunk, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka ili kufufua maktaba kongwe za jiji: Kaloleni, Makadara, na McMillan. Je, wajua kwamba McMillan, lile jengo la nguzo nene na simba mlangoni, lilifunguliwa mwaka 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka mwaka 1958? Mtoto wa Kangemi aliyezaliwa mwaka ule wa ufunguzi alikuwa na miaka 27 mlango ulipofunguliwa kwake. Umri wa vitabu vya watoto ulikuwa umeshampita.

Papa Fransisko alipofika Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi linaloongozwa na Wajesuiti, alikemea pia wanyakuzi wa ardhi wanaofikia hadi viwanja vya michezo vya shule. Waliomsikiliza hawakuhitaji mfano. Januari ya mwaka huohuo polisi walikuwa wamewarushia vitoa machozi wanafunzi wa shule ya msingi Lang'ata waliokuwa wakidai uwanja wao. Hiyo nayo ni hadithi ya watoto na kujiamini, na sijui kwa nini mpaka leo haijawa kitabu cha gredi ya sita.

Haraka haraka: Kinyanjui Kombani alikuwa mwajiriwa wa benki alipojijengea jina kama mwandishi, na Finding Columbia, riwaya yake juu ya kijana aliyenaswa na dawa za kulevya, ilishinda Tuzo ya Burt ya vitabu vya vijana Kenya mwaka 2018. The Wooden Camel, ya mtengenezaji filamu Wanuri Kahiu, inamhusu mvulana wa Turkana anayetaka kushindana mbio za ngamia wakati familia yake inalazimika kuwauza. Ngamia halisi nao wamebeba vitabu kwa ajili ya wasomaji: huduma ya maktaba ya taifa ilianza kuwatumia kaskazini mashariki mwaka 1996. Na vingi vya vitabu nilivyovitaja huwezi kuvipata vipya. Jaribu inama bookshop, wale wauzaji wa mtumba waliotandika mali yao kandokando ya barabara za katikati ya jiji, na usionyeshe kwamba umekitamani kitabu kabla ya kuuliza bei.

La mwisho. Je, wajua kwamba jarida la katuni la vijana wa Nairobi limeshinda Emmy ya Kimataifa, si mara moja bali mbili, mwaka 2012 na 2014? Shujaaz lilianza mwaka 2010, likiandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure, ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Shujaa wake, DJ Boyie, amemaliza shule, hana kazi, na chumbani kwake ana kituo cha redio kisicho na leseni. Vijana wamemwandikia ujumbe kwa wingi wakimweleza ya mapenzi, biashara ya kuku na ugomvi wa nyumbani, wakijua fika kwamba ni mchoro. Nchi nzima inamsikiliza, Emmy mbili ziko kabatini, na Boyie bado anajificha asijulikane ni mtoto wa nani.