Yadi ya Treni Juu ya Kitanda cha Mgonjwa

Mama mpendwa, umewahi kuuguza mtoto ambaye maumivu yamekwisha ila haruhusiwi kuinuka? Sisi wauguzi twajua kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Kijana wetu wa miaka 11 alianguka kutoka kwenye mwembe aliokatazwa kuupanda, akavunjika mguu chini ya goti. Akarudi na hogo kuanzia pajani hadi karibu na vidole. Baba yake alikuwa na hasira. Alimjulia hali asubuhi na jioni, basi. Kijana naye akanyamaza, na sahani zikaanza kurudi jikoni na chakula chake.

Tukakumbuka boksi la treni ndogo aliloletewa na shangazi yake kutoka Uingereza: injini moja, mabehewa 8 ya mizigo, vipande vya reli na swichi 2 za kubadilishia njia. Reli hazikutosha kufanya mzunguko. Lakini shangazi alikuwa ametueleza mchezo uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright, uitwao Inglenook Sidings, ambao ni yadi tu, kama ile ya stesheni ambapo mabehewa hupangwa. Kuna njia 3 za kuegesha: moja ya mabehewa 5, na mbili za mabehewa 3 kila moja. Zote huungana kwenye njia moja ambayo injini huvutia mabehewa. Unaandika namba za mabehewa kwenye vikaratasi, unaokota 5 bila kuchungulia, kisha unapanga treni kwa mfuatano huo kwenye njia ndefu. Mkono haugusi behewa. Injini ndiyo ivute na kusukuma. Ukipiga hesabu, treni zinazoweza kutokea ni 6,720.

Tulipata ubao wa sentimita 120 kwa 30, tukampa kijana chaki. Akachora njia ndefu ya mabehewa 7. (Nani asiyependa stoo kubwa?) Behewa moja lilikuwa sentimita 8, kwa hiyo zikaenda 56. Swichi zikala 35. Njia ya kuvutia ikabakiwa na 29, na injini peke yake ilikuwa na 12. Ikaweza kuvuta mabehewa mawili tu. Kila alipotaka kutoa la tatu, injini ilifika ukingoni mwa ubao. Kijana akalia, mara ya kwanza tangu aanguke.

Baba yake alikuwa akipita mlangoni. Marehemu babu alifanya kazi katika yadi ya Tabora, pale njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, naye utotoni alikuwa akimpelekea chakula. Akasimama, akatazama.

“Usianze na pa kuegesha, mwanangu. Anza na pa kuvutia.”

Akaketi kitandani. Wakapima injini na mabehewa 3: sentimita 36. Kisha swichi 35, kisha mabehewa 5, yaani 40. Jumla 111, na 9 zilizobaki wakazigawa kwa vizuizi vya ukingoni. Akamwonyesha pia kwamba nafasi ya kuegesha haihesabiwi kuanzia kwenye swichi, bali pale ambapo behewa halimgusi jirani yake wa njia ya pili. Hawakupigilia msumari hata mmoja mpaka walipojaribu mabehewa yote juu ya chaki.

Hatukuwa wa kwanza. Kasisi Wilbert Awdry wa Uingereza alimsimulia mwanawe Christopher, aliyelazwa na surua, hadithi za treni. Kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1945.

Ukijaribu nyumbani, ubao uwe na miguu, usilalie hogo. Tazama vidole kila siku: vikivimba, vikipoa au kufa ganzi, rudi hospitali mara moja. Na vipande vidogo viwe mbali na mtoto anayetambaa.

Habari ya mwembe waliizungumza siku ya tatu, katikati ya kupanga treni, bila makelele. Sisi tulikuwa jikoni, hatukuingia. Tulipoita chakula, sauti mbili zilijibu pamoja kwamba behewa namba 4 bado halijafika mahali pake.