Swala hataki haraka

Nyama ya swala huinunua kwenye bucha la nyamapori lenye leseni, na risiti siitupi. Tanzania iliruhusu mabucha haya kwa kanuni za 2020, lakini ukikutwa na nyamapori bila kibali ni kesi ya nyara za serikali. Mzoga uliookotwa porini usiuguse kamwe, kimeta huua.

Jikoni ndipo wengi huiharibu. Swala hana mafuta, moto mkali humkausha akawa mgumu. Mimi hukata nyama kwa kukatisha nyuzi, nikaipaka papai bichi lililopondwa, tangawizi na kitunguu saumu. Nusu saa yatosha, maana papai likikaa mno nyama hurojeka. Kisha naichemsha taratibu, chungu kikiwa kimefunikwa, hadi iive kabisa. Tui zito huja mwisho, na ndimu mezani.