ID Ni Bure, Lakini Wewe Umemwaga Ngapi?

Kitambulisho cha kwanza Kenya ni bure. Hiyo ndio stori rasmi tangu 2025, serikali ilipoondoa ile soo tatu ya wanaoomba mara ya kwanza. Sawa. Sasa uliza msee yeyote wa miaka 18 mtaani ametumia ngapi kuipata. Hatakwambia sufuri.

Ujue vile tulifika hapa. Novemba 2023, Kithure Kindiki akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, bei mpya zilitokea kwa gazeti la serikali. ID ya kwanza, iliyokuwa bure, iwe thao moja. Ukipoteza, kupata ingine kutoke soo moja hadi thao mbili. Watu wakawaka, kesi ikaenda kortini, bei zikarudishwa nyuma. Lakini hazikuenda mbali. 2024 zikarudi zimenyolewa: soo tatu kwa ya kwanza, thao moja kwa iliyopotea. Hapo ndio ujanja uko, buda. Ukishatishwa na thao mbili, thao moja inakaa ofa, na bado ni mara kumi ya ile bei ya kitambo.

Pasipoti ndio usiseme. Ile ya kurasa 34 ilitoka 4,500 ikafika 7,500, na 2023 hiyo hiyo mashine za kuchapisha pale Nyayo House zilikuwa zimezeeka, watu wanangoja miezi. Msee amepata job Qatar, kontrakti iko na tarehe, pasipoti haijulikani iko wapi. Broka hula kwa hiyo presha.

Turudi kwa ID. Fomu ni bure, lakini lazima uwe na cheti cha kuzaliwa na kopi za ID za wazazi. Cheti kilipotea? Hiyo ni ada nyingine, na eCitizen inakata yake juu. Mzazi yuko ushago? Fare. Chifu hayuko leo? Rudi kesho, na kama wewe ni wa kibarua, hiyo siku hulipwi. Ukishadunga alama za vidole unapewa karatasi ya kungoja. Kadi inachapishwa Nairobi, halafu inarudi kwa ofisi uliyoombea. Si mahali unaishi. Uliyoombea.

Hapo ndio kunaharibika. Serikali yenyewe imewahi kulalamika kuna malaki ya ID zimekaa maofisini hazijachukuliwa, na lawama ikaenda kwa vijana. Mimi sikubali. Dogo aliomba Kitale akimaliza form four, sai anabeba mawe mjengo Pipeline. Kadi inalala Kitale. Kwenda na kurudi ni doh ya siku kadhaa za mjengo, na akifika akute haijatoka? Atangoja tu.

Na akingoja, maisha yanasimama. Hawezi kusajili laini, so hana M-Pesa ya jina lake, mshahara unapitia kwa simu ya mathe. Benki hapana, kura hapana. Karao akimsimamisha usiku anaitisha nini? ID.

Na kuna wenye wameumia zaidi yetu. Wanubi wa Kibra na Wasomali wa Kenya, kwa miaka mingi, walipitishwa kwa kamati ya kuwapiga msasa wathibitishe ni Wakenya, hata kama babu yao alizaliwa hapa. Ruto alitangaza Februari 2025, akiwa kaskazini mashariki, kwamba huo msasa wa ziada umeisha.

Kitu moja wengi hawajacheki: angalia kadi yako mpya. Ile ya mzee wako haina tarehe ya kuisha. Maisha Card iko nayo, miaka 10, sababu ya ile chip. Ukipata 2025, 2035 uko kwa laini tena.

Kwa sai, kama bado hujaomba, ombea mahali utakuwa hiyo miezi inakuja, na hiyo karatasi ya kungoja ipige picha kabla ifuliwe na suruali. Ukipoteza kadi, abstract ya polisi ni bure. Ukiambiwa utoe ya chai, jua hiyo haiko kwa gazeti la serikali.