Elimu ya bahari yafaa ianzie Sotik kabla ya safari ya Mombasa

KILA likizo ya Desemba inapobisha hodi, mabasi husheheni wanafunzi, vikundi vya makanisa, vyama vya akiba na familia kutoka maeneo ya chai ya Kericho na Bomet, yakielekea Pwani. Kwa wengi wanaotoka Sotik, hiyo huwa mara ya kwanza kuiona bahari kwa macho yao.

Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 700 huandaliwa kwa miezi. Nauli huchangwa, malazi hutafutwa na sare za kikundi hushonwa. Jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa ni mafunzo kuhusu bahari yenyewe.

Pengo hilo si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka wa 2021. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za mapato ya chini na ya kadri, na watoto ndio walio hatarini zaidi. Mwaka huo huo wa 2021, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuhamasisha watu kuhusu kuzuia vifo vya majini.

Mtoto wa Sotik si mgeni wa maji. Anaujua Mto Kipsonoi na anafahamu kwamba mvua ikinyesha milimani, mto hufurika. Lakini mto huo huungana na Yurith kufanya Mto Sondu, ambao huishia Ziwa Victoria. Maji yake huteremka upande mmoja tu, mchana na usiku. Bahari Hindi ina kanuni nyingine, na mjuzi wa mto anaweza kuhadaika ufuoni.

Kupwa na kujaa

Kanuni ya kwanza ni kupwa na kujaa kwa maji. Katika pwani ya Kenya, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 25. Kwa sababu hiyo, saa ya kupwa husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Aliyetembea salama juu ya mwamba saa nne asubuhi siku ya Jumatatu, huenda akakuta maji mengi mahali hapo saa iyo hiyo siku ya Ijumaa.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, yaani kipindi ambapo bahari hupwa sana na kujaa sana. Wakati huo, tofauti baina ya kimo cha kupwa na cha kujaa mjini Mombasa huweza kupita mita 3.

Kutoka kupwa hadi kujaa hupita saa sita na ushei, lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, huharakisha katikati, kisha hupunguza kasi tena. Kwa makadirio ya mabaharia, nusu ya ongezeko lote hutokea katika saa mbili za katikati. Maana yake ni kuwa wakati wa bamvua, kina cha maji chaweza kuongezeka kwa mita moja na nusu katika saa hizo mbili. Maji yaliyokuwa kifundoni mwa mtu mzima yatamfika shingoni, na mtoto atafunikwa.

Hatari huwa kubwa kwa wanaokwenda mbali hadi kwenye miamba ya matumbawe kutazama samaki na viumbe wengine. Maji yanaporejea, hujaza kwanza mifereji iliyo kati ya mwamba na ufuo. Mtu aliyesimama pakavu huweza kugeuka na kupata njia aliyoijia imekwisha kufunikwa.

Mkondo unaovuta

Kanuni ya pili ni mikondo. Palipo na mwanya katika mwamba au katika mchanga wa chini, maji yaliyosukumwa na mawimbi hadi ufuoni hutafuta pa kurudia. Hapo hutokea mkondo wenye nguvu unaoelekea kilindini. Mara nyingi uso wa maji mahali hapo huonekana umetulia kuliko kando zake, na mgeni hudhani kwamba ndipo palipo salama.

Anayenaswa na mkondo wa namna hiyo hafai kushindana nao kwa kuogelea moja kwa moja kurudi ufuoni, kwani hata mwogeleaji hodari huchoka. Ni heri atulie, aelee na kuinua mkono kuomba msaada. Akiweza, aogelee sambamba na ufuo hadi atoke katika mkondo, ndipo ageukie nchi kavu.

Hali kadhalika, anayemwona mwenzake akizama asikimbilie kujitosa. Visa vya mwokoaji kuangamia pamoja na aliyetaka kumwokoa ni vingi duniani. Lililo salama ni kumrushia kamba au kitu kinachoelea, kama vile jerikani tupu iliyofungwa vizuri, huku wavuvi au waokoaji wakiitwa.

Wenyeji walivyojifunza

Isidhaniwe kwamba elimu hii ni ya wageni pekee. Jamii za Pwani nazo zimelazimika kujifunza upya namna ya kuishi na bahari, hasa baada ya kuona samaki wakipungua na mikoko ikikatwa.

Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi walikubaliana mwaka wa 2005 kutenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe kabisa. Halikuwa jambo jepesi kwa watu wanaotegemea kitoweo cha kila siku. Hata hivyo, matumbawe yalianza kupona, samaki wakarejea, na wageni wakaanza kulipa ili kuwatazama. Eneo kama hilo linalosimamiwa na wenyeji huitwa tengefu, na jamii nyingine za Pwani zimeiga mfano huo.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka wa 2013 hulinda hekta 117 za mikoko. Wanakijiji hupata fedha kutokana na hewa ya kaboni ambayo mikoko hiyo huihifadhi, na fedha hizo zimesaidia shule na miradi ya maji. Akina mama wa huko nao huwatembeza wageni juu ya daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko, wakiwaeleza manufaa ya kila aina ya mti.

Huko Watamu, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanzishwa mwaka wa 1997, limewashawishi wavuvi kutoa habari kila kasa anaponaswa na nyavu zao, badala ya kumchinja. Kasa huyo hukaguliwa, hutibiwa iwapo amejeruhiwa, kisha hurudishwa baharini. Wanafunzi wa shule za karibu hufunzwa mambo hayo tangu wakiwa wadogo.

Ng'ambo ya mpaka, Zanzibar imetoa funzo jingine. Katika kisiwa cha Chumbe, waliokuwa wavuvi waligeuzwa kuwa walinzi wa matumbawe na waelekezi wa wanafunzi wanaozuru huko. Nungwi nako, mradi wa Panje umekuwa ukifundisha watoto kuogelea, wakiwemo wasichana ambao hapo awali walikua kando ya bahari bila kupata fursa hiyo. Ikiwa mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka ufuoni ahitaji kufunzwa kuogelea, sembuse yule anayetoka kwenye mashamba ya chai?

Mfano wa chai

Mkulima wa Sotik hana haja ya kuelezwa kwa kirefu maana ya matumizi endelevu. Mchumaji stadi huchukua majani mawili na chipukizi, akaacha majani yaliyokomaa yaulishe mchai. Baada ya siku chache, hurudi na kuchuma tena. Anayeparura kichaka chote hupata kilo nyingi leo na kukosa kesho.

Bahari hufuata hesabu iyo hiyo. Mwamba wa matumbawe ambao mgeni huukanyaga au kuumega kipande cha kupeleka nyumbani ndio unaovunja nguvu za mawimbi makubwa ili yeye aoge kwa amani. Mikoko nayo huzuia mmomonyoko na kuwalea samaki wachanga ambao baadaye hufika katika sahani yake hotelini. Kwa hivyo, usalama wa mgeni na uhifadhi wa bahari si masomo mawili. Anayeharibu mwamba hupunguza usalama wa wale watakaokuja kuogelea baada yake.

Sheria pia zipo, na kutozijua hakumwepushi mtu na lawama. Katika mbuga za baharini kama vile Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, uvuvi hauruhusiwi. Kasa wote wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013. Aidha, tangu Juni 5, 2020, ni marufuku kuingia na plastiki za kutumiwa mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo chupa za maji. Kikundi kinachobeba katoni za maji ya chupa kutoka Sotik hadi mbuga ya baharini hujitafutia taabu kwa kukosa habari tu.

La kufanywa

Umuhimu wa mtalii wa ndani umezidi kudhihirika. Reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka wa 2017 ilirahisisha safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Na janga la Covid-19 lilipowazuia wageni wa ng'ambo mwaka wa 2020, hoteli za Pwani ziliwategemea Wakenya. Mgeni huyu anastahili kuelimishwa kwa lugha anayoielewa. Bango la tahadhari lililoandikwa kwa Kiingereza na Kiitaliano pekee halimfai mchumaji chai aliyeleta wanawe kwa fedha za bonasi.

Shuleni, somo moja kabla ya safari latosha kuwa mwanzo. Mwalimu wa jiografia anaweza kuchora kupwa na kujaa ubaoni, na mwalimu wa michezo akaonyesha namna ya kuelea na kuomba msaada. Viongozi wa makanisa na vyama vya akiba wanaweza kufanya vivyo hivyo katika mkutano wa mwisho kabla ya kuondoka.

Msimamizi wa safari naye ana maswali ya kuuliza kabla ya mtu yeyote kugusa maji. Leo bahari inajaa saa ngapi? Nani anayewaangalia watoto hawa watano, na nani wale watano wengine? Je, mashua tunayoipanda ina jaketi za kuokoa maisha zinazomtosha kila abiria, na zitavaliwa kabla ya kung'oa nanga? Walio na dalili za ulevi wamezuiwa kuingia majini?

Maswali hayo yaulizwe wenyeji, wala si kukisiwa. Tangu kanuni za mwaka wa 2007, wavuvi wengi wamejiunga katika vikundi vya usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU. Hao huujua ufuo wao mfereji kwa mfereji. Kumlipa mmoja wao awe mwelekezi wa kikundi humpa riziki bila ya kuvua samaki wachanga, na humpa mgeni macho yanayoiona hatari mapema.

Gharama ya elimu hii ni ndogo ikilinganishwa na nauli ya basi. Kikao cha saa moja mjini Sotik, kabla ya mizigo kupakiwa, kinaweza kuamua iwapo wote waliokwenda watarejea nyumbani.